Ukinunua haibridi Kigali, ogopa miaka kabla ya kilomita

Tangu Julai 2025, Rwanda imeacha kuyabembeleza magari ya haibridi. Kwa miaka kadhaa yaliingia nchini yakiwa na misamaha minono ya kodi, ndiyo maana ukisimama nusu saa pale Kimironko au Remera utahesabu Kia Niro, Hyundai Ioniq, RAV4 na Prius mpaka uchoke. Sasa yanalipa VAT ya asilimia 18, kodi ya zuio ya asilimia 5, na juu yake ushuru wa bidhaa unaopanda kwa umri: asilimia 5 kwa gari lisilofika miaka 3, asilimia 10 kwa lenye miaka 4 hadi 7, na asilimia 15 kwa lenye miaka 8 kwenda juu. Yale ya umeme mtupu yameachwa yapumue.

Tazama serikali ilipima nini. Haikuuliza gari limetembea kilomita ngapi, iliuliza lina miaka mingapi. Mnunuzi wa Kigali anafanya kinyume. Akifika yadi anainama dirishani, anaomba ufunguo, anawasha dashibodi, anasoma mita. Ikimwonyesha 80,000 anaanza kuulizia bei. Ikimwonyesha 240,000 anarudisha ufunguo na kusogea kwenye gari la pembeni, hata kama hilo la pembeni lilitoka kiwandani wakati mtoto wake wa sekondari alikuwa bado hajaanza chekechea. Mimi naona katika jambo hili mtoza kodi kapima kitu sahihi kuliko mnunuzi, hata kama betri haikuwamo kichwani mwake alipopanga viwango vile.

Kilomita ni kipimo cha uchakavu wa gari la kawaida: injini inayozunguka muda wote, klachi inayoshika na kuachia, breki zinazosagika kila mteremko. Ndani ya Prius mambo ni mengine. Hakuna klachi, hakuna stata ya kawaida, hakuna altaneta. Injini na mota mbili za umeme zimefungwa pamoja kwenye seti moja ya gia ambazo meno yake hayaachani kamwe. Kwenye taa za barabarani injini inazima. Ukikanyaga breki, kazi kubwa ya kulipunguza mwendo gari inafanywa na mota, nayo inageuza mwendo huo kuwa umeme wa kurudisha kwenye betri, kwa hiyo pedi za breki huishi maisha marefu ambayo dereva wa Corolla atayasikia tu kwa wenzake. Mwaka 2011 jarida la Consumer Reports la Marekani lilipima Prius ya 2002 iliyokuwa imetembea karibu maili 208,000, yaani kilomita zipatazo 335,000, ikiwa na betri yake ileile ya kiwandani. Walipolinganisha na vipimo vyao vya gari la aina hiyo likiwa jipya, tofauti ya ulaji wa mafuta haikufika hata asilimia moja.

Betri yenyewe haiogopi sana safari. Kompyuta ya gari haiiachi ijae pomoni wala ikauke; inaicheza katikati, kati ya asilimia 40 na 80 hivi, na ndiyo sababu inadumu. Kinachoiua ni miaka na joto. Ikae imeegeshwa bila kwenda popote, bado inazeeka. Ikae imeegeshwa juani mahali ambapo kivuli chenyewe kina nyuzi 42, inazeeka mara mbili.

Hapo ndipo Kigali ina bahati ambayo wenyeji wake hawaisemi. Mji uko juu, mita zaidi ya 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mchana wake wa kawaida hauzidi sana nyuzi 27 au 28. Betri iliyochoka ikipelekwa Mombasa au Dar es Salaam itapigana na joto mwaka mzima; hapa inapata hewa ya kupumua. Na milima, ambayo watu wengi huitaja kama sababu ya kuliogopa gari la namna hii, inalifaa. Injini isiyo na tabo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, lakini mota ya umeme haina habari na wembamba wa hewa, inasukuma vilevile. Kisha ukishuka kutoka Kimihurura kwenda Kimicanga, kile ulichokitumia kupanda unarudishiwa kiasi chake bure.

Tatizo basi liko wapi? Liko kwenye maisha ya gari kabla halijafika hapa.

Ndugu zetu wa Dar, Nairobi na Kampala wananunua Japani, kwenye minada inayoandika hali ya kila gari kwenye karatasi. Sisi hatuna mlango huo. Rwanda inaendesha upande wa kulia, na magari madogo yenye usukani wa kulia hayaruhusiwi kuingizwa. Kwa hiyo haibridi za Kigali zinatoka Korea Kusini, Ulaya, na Ghuba, ambako nyingi zilifika zikitokea Marekani. Gari linashushwa bandarini Dar es Salaam, linaikata Tanzania nzima likiwa na usukani upande usio wake, na kupata upande wake linapovuka daraja la Rusumo. Yakifika Kigali yakaoshwa na kupakwa mafuta ya tairi, yote yanafanana. Hayafanani hata kidogo.

La Korea lina faida mbili. Nchi ile ina baridi kali miezi kadhaa ya mwaka, na sheria yake inamtaka muuzaji wa gari lililotumika atoe ripoti ya ukaguzi inayoonyesha kilomita na sehemu zilizowahi kugongwa. Karatasi hiyo imeandikwa Kikorea, lakini tarakimu ni zilezile, na mchoro wa gari wenye alama za mabati yaliyobadilishwa hauhitaji mkalimani. La Ubelgiji linapaswa kuwa na Car-Pass, cheti kilichoanza 2006 ambacho kinaorodhesha kilomita zilizosomwa kila gari lilipopita gereji au ukaguzi. Kuuza gari lililotumika bila cheti hicho ni kosa kule. La Sharjah, kule Ghuba, ndilo linalonitia wasiwasi. Magari mengi yaliyopata ajali Marekani, au yaliyozama kwenye mafuriko, hununuliwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu, yanasafirishwa hadi Falme za Kiarabu, yananyooshwa, yanapakwa rangi, na kuuzwa upya kwa soko la Afrika. Gari la petroli lililozama ni shida. La haibridi lililozama ni shida yenye volti mia mbili. Namba ya chasisi ya gari la Marekani inafungua historia yake kwa malipo madogo, na dalali anayekunyima namba hiyo ameshakujibu swali.

Tena ile mita yenyewe mnayoiamini! Kuirudisha nyuma ni kazi ya laptopu na muda wa kunywa chai. Mita inayosema 78,000 kwenye gari ambalo ngozi ya usukani imelainika ikang'aa na mpira wa pedali ya breki umelika upande mmoja, hiyo ni hadithi. Gari lenye 240,000 lina sifa moja isiyothaminiwa: hakuna mtu anayelaghai kwa kuongeza.

Nina jamaa, mwalimu wa sekondari, anakaa Kabuga na kufundisha Nyamirambo. Kwenda na kurudi kila siku ya kazi, pamoja na misa na misiba ya hapa na pale, anatembea kama kilomita 12,000 kwa mwaka. Alikuwa na magari mawili mkononi: Prius ya 2012 yenye kilomita 96,000, iliyopitia Sharjah, na Kia Niro ya 2019 yenye kilomita 215,000, iliyotoka Korea ikiwa na karatasi zake. Bei hazikuachana sana. Mke wake alishaamua. "Laki mbili na kumi na tano? Shemeji, hilo gari limeshamaliza ujana wake kwa watu wengine."

Nilimwomba shemeji agawanye. Niro imetembea zaidi ya kilomita 30,000 kila mwaka, na gari halifikishi mwendo huo kwa kuzunguka sokoni; hilo lilikuwa barabara kuu, likienda mwendo mmoja, likifanyiwa huduma kwa sababu mwenyewe alikuwa analitegemea. Prius, kama mita yake inasema kweli, imetembea kilomita 7,000 au 8,000 kwa mwaka. Siku nyingi ilikuwa imekaa tu. Imekaa wapi? Kama ni kwenye uwanja wa mchanga Ghuba, betri yake imepikwa taratibu kwa miaka kumi na mbili. Sikumshawishi sana siku ile, nakiri alikuwa na hoja yake kuhusu bushi na shokamzoba, na kweli barabara za mawe za mitaani mwetu hazina huruma na gari lililokwisha kutembea. Bushi nazo zinapatikana kwa faranga elfu kadhaa. Betri haipatikani kwa bei hiyo.

Sitaki nieleweke kwamba kilomita si kitu. Hizi za Korea zimejengwa tofauti na Toyota. Niro na Ioniq zina giaboksi ya gia sita yenye klachi mbili kavu, na klachi kavu inahesabu kila mara inaposhika. Foleni ya Nyabugogo jioni, gari likisogea hatua mbili mlimani na dereva akilishikilia lisirudi nyuma kwa kugusa mafuta badala ya breki, ndiyo mazingira mabaya kuliko yote kwa klachi hiyo. Ndiyo maana Niro iliyomaliza kilomita 120,000 ndani ya Kigali ikifanya teksi inanitisha kuliko ile iliyomaliza 215,000 kwenye barabara kuu za Korea. Na Prius ya kizazi cha tatu, ile iliyotengenezwa 2009 hadi 2015, ina ugonjwa wake unaojulikana: njia ya kurudishia moshi kwenye injini inaziba masizi, joto linapanda, na mwisho silinda hedi gasketi inakufa. Dalili yake ni injini kutetemeka kama ina malaria inapowashwa asubuhi ikiwa baridi, na maji ya rejeta kupungua bila kuonekana yanakovujia. Kwa hiyo kabla hujakubali kuwashiwa gari, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto na ni saa mbili asubuhi, muuzaji kaamka mapema kuliko wewe kwa sababu yake.

Gatsata, ambako gereji zimebanana bondeni, unaweza kuona kwa macho kinachouzwa. Fundi amelaza betri ya Prius juu ya meza. Kwanza alichomoa plagi ya usalama ile ya rangi ya chungwa, akavaa glavu nene za mpira, akasubiri dakika kadhaa ndipo akafungua. Ndani kuna vipande 28 vimesimama bega kwa bega kama vitabu rafuni, kila kimoja cha volti saba na kidogo, vyote kwa pamoja zaidi ya volti 200. Vinaunganishwa na vipande vya shaba, na kwenye betri ya miaka mingi shaba hiyo imeota ukungu wa kijani. Fundi anashusha ncha za mita yake: 7.9, 7.9, 7.8, 7.9, kisha 6.6. Anakigonga hicho kwa kidole. "Huyu ndiye mwizi."

Hapo mwenye gari anafurahi, maana kipande kimoja si ghali. Fundi anakitoa kingine kwenye betri ya gari lililokufa, anakifunga, anafuta taa ya onyo, gari linaondoka. Baada ya miezi michache taa inawaka tena, safari hii ni kipande cha kumi na tisa. Kilichowekwa na kilichokuwepo havina nguvu sawa, vinavutana, na wazee waliobaki wanaanguka mmoja mmoja. Sisemi fundi ni tapeli. Kafanya alichoombwa kwa pesa aliyopewa. Nasema mnunuzi ajue kwamba mara nyingi gari la namna hiyo huuzwa katikati ya kipindi hicho, kati ya kipande cha kwanza na cha pili. Ukiambiwa betri ilitengenezwa, uliza vilibadilishwa vingapi. Na ukiambiwa kama nilivyosikia dalali mmoja akimwambia mteja, "Bosi, hii betri haijawahi kuguswa tangu kiwandani," huku gari ni la 2011, usione umesifiwa kitu. Hiyo maana yake ni kwamba gharama yake inakusubiri wewe.

Kupima si uchawi. Kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani na programu ya simu, kwa Toyota maarufu ni Dr. Prius, vinakuonyesha volti za betri kwa jozi za vipande, jozi 14 kwa betri kama ile ya Gatsata. Gari likiwa limetulia karibu zote zitafanana, hata za betri mbovu. Lipeleke mlimani. Panda nalo kutoka Gikondo kwenda Rebero ukikanyaga mafuta kwa nguvu, mwenzako akiangalia simu. Jozi moja ikiachana na nyingine kwa volti nzima, betri hiyo imechoka. Kisha shuka. Betri nzima hujaa taratibu. Mbovu inajaa ghafla kabla hujafika nusu ya mteremko, na ukianza kupanda tena inakauka ghafla vilevile, kwa sababu haina tena tumbo la kuwekea. Hilo huhitaji hata simu kuliona, linaonekana kwenye dashibodi. Ukishafika chini, angalia pia kilomita zilizopita tangu makosa ya kompyuta yafutwe. Ikiwa ni 12, mtu alifuta kitu asubuhi ileile.

Na chungulia ubavuni mwa kiti cha nyuma. Kwenye Prius kuna tundu lenye wavu ambalo feni inavutia hewa ya ndani ya gari kupoza betri. Vumbi jekundu la Julai linaziba pale, au abiria anategemeza begi lake, na betri inapika ndani ya mji wenye hali ya hewa nzuri kama huu. Kusafisha feni hiyo ni kazi ya bisibisi na brashi. Nimeona magari ambayo hayajawahi kufanyiwa hivyo tangu yavuke Rusumo.

Sasa pesa, maana watu wananunua haibridi kwa sababu ya pesa, hayo mengine ni mapambo. Tuchukue petroli faranga 1,800 kwa lita. RURA, mamlaka inayopanga bei ya mafuta, huibadilisha kila baada ya miezi miwili hivi, na Oktoba 2023 iliwahi kufika 1,882. Tuchukue gari la kawaida linalokunywa lita 10 kwa kilomita 100 milimani humu, na haibridi inayokunywa 5.5. Mwalimu wetu na kilomita zake 12,000 anaokoa lita 540 kwa mwaka, yaani faranga 972,000. Betri mpya ya Prius kutoka Toyota inazidi dola 2,000 kabla ya usafiri na ufundi. Kwa dola ya faranga 1,450 hivi, hiyo ni kama milioni 2.9. Miaka mitatu ya akiba yake imekwenda kwenye sanduku moja lililo chini ya kiti. Hata hivyo akilitunza gari miaka sita au saba, bado yuko mbele.

Anayeendesha teksi na kutembea kilomita 40,000 kwa mwaka anaokoa zaidi ya milioni 3.2 kila mwaka. Betri kwake ni gharama ya kazi, inalipwa kabla mwaka haujaisha. Huyo asiulize mara mbili. Lakini yule wa kilomita 5,000, gari la kwenda kanisani na kumtembelea mama Muhanga mara moja moja, anaokoa faranga 405,000 tu. Na kama amelinunua kwa mkopo, akaongeza milioni 4 ili apate haibridi badala ya gari la kawaida, kwa riba ya asilimia 16 ambayo ndiyo riba tunayoishi nayo, benki inamchukulia 640,000 kwa mwaka wa kwanza. Anapoteza pesa kila siku ambayo gari limeegeshwa, tena huku betri inazeeka. Majigambo yake ya kuokoa mafuta yaishie kwenye stori za baa.

Kwa hiyo jibu langu kwa anayeuliza kama anunue haibridi iliyotembea sana ni kwamba inategemea yeye atatembea kiasi gani. Atakayetembea sana anunue, tena achague yenye miaka michache na kilomita nyingi zenye ushahidi, aiache ile ya kizamani yenye mita ya kupendeza. Siku ileile ya kununua atenge pesa ya betri kwenye akaunti asiyoigusa. Kama hawezi kuitenga, basi gari hilo bado ni ghali kwake hata kama bei yake imemkubali. Na wanaouliza kwa nini wasiende moja kwa moja kwenye umeme mtupu, ambao bado una msamaha, swali ni zuri kwa mwenye nyumba na uwanja wa kuchajia. Mpangaji wa Gikondo anayeegesha barabarani, na ambaye mara mbili kwa mwaka lazima afike Rusizi, atalisikiliza akiwa kwenye kituo cha mafuta.

Mongolia inatufundisha jambo hapa. Ulaanbaatar ilijaa Prius zilizotumika kutoka Japani kwa sababu serikali iliziondolea kodi na kwa sababu zinawaka kwenye baridi kali, na baada ya miaka wakajikuta na rundo la betri zilizokufa zisizo na pa kwenda. Sisi tuna pa kuanzia, maana kiwanda cha Enviroserve pale Bugesera kinapokea taka za kielektroniki. Ila betri ya Gatsata haiendi Bugesera. Inabaki pembeni ya gereji mpaka vipande vyake vizima viishe kuuzwa, kisha mabaki yanahama usiku. Kodi mpya ya umri itapunguza zinazoingia. Zilizokwisha kuingia zitafia hapa.

Ningependa serikali iliyoweza kupanga kodi kwa umri iende hatua moja zaidi. Magari yetu yanapita kontrole teknike, yanapimwa breki, taa na, tangu 2025, moshi kwa vipimo vipya. Haibridi yenye betri iliyooza inaweza kupita vizuri kwenye vyote hivyo. Mita yake isomwe kila inapokaguliwa, afya ya betri isomwe kwa kifaa kilekile ambacho fundi wa kawaida anacho mfukoni, na mnunuzi aweze kuingiza namba ya gari kwenye simu aone tarakimu hizo mwaka baada ya mwaka, kama Wabelgiji wanavyofanya. Nchi ambayo kamera zake za barabarani, zile tunazoziita Sofia, zinamtumia dereva faini kwenye simu kabla hajafika nyumbani, haishindwi na hilo. Wenye yadi watalalamika kwamba magari yatakaa bila kununuliwa. Baadhi yatakaa kweli, na hayo ndiyo yaliyopaswa kukaa.